Redio Hainunuliwi kwa Macho

Nyinyi vijana mkipita hapa mlangoni na kunikuta nimeinamia redio, mnamcheka nyanya yenu. "Shosho, hiyo kitu bado inashika?" Inashika. Hata mimi bado ninashika. Anayetaka kujua aketi, na asiyetaka apite, njia ni pana.

Nimekaa Maringo tangu nilipoletwa kutoka Murang'a kumbebea dada yangu mtoto. Mtoto alipokua nikatafuta kazi, nikaipata katika duka la redio kule Eastleigh. Kazi niliyopewa ilikuwa kupangusa vumbi na kuwachekea wateja. Sikuambiwa nijifunze chochote. Nilijifunza kwa sababu nyuma ya duka, karibu na choo, alikaa Mzee Wafula, fundi wetu, na mimi nikichoka kucheka nilikuwa naenda kukaa naye.

Mzee Wafula alitoka Bungoma. Alikuwa amefanya kazi ya simu za reli miaka mingi kabla ya kuja pale. Alikuwa na sikio moja tu zima, na hilo moja lilitosha. Siku ya kwanza aliniwekea redio mbili mezani akaniuliza ipi ni nzuri. Nikaionyesha ile inayong'aa.

"Funga macho," akasema.

Nikafunga. Akaziwasha zote mbili mahali ambapo hapana stesheni. Moja ilipumua polepole kama mtu aliyelala. Ya pili ililia kama mbuzi aliyefungiwa nje.

"Sasa niambie."

Ile nzuri ilikuwa kuukuu, mkono wake umefungwa kwa waya. Kuanzia siku hiyo sijawahi kuchagua redio kwa macho, na nyinyi msithubutu. Najua siku hizi mnanunua kila kitu kwa picha. Shauri yenu. Lakini ukienda kutafuta redio ya masafa mafupi, ya kubeba mkononi, sikia ninavyokwambia.

Kwanza itoe nje ya duka. Ndani ya nyumba ya mawe yenye bati juu, hata redio nzuri huwa kiziwi. Muuzaji akikukatalia kwenda nayo mlangoni, mrudishie, kwa maana anajua anachouza. Ukishafika nje, tafuta stesheni ya mbali, yenye sauti nyembamba, uiache hapo. Salimia watu, nunua njugu. Ukirudi ukute bado iko palepale, umepata redio. Ukikuta imetoroka, itatoroka hata nyumbani. Kisha ibonyeze ubavuni kwa kidole. Stesheni ikiruka kwa sababu umeigusa, usiipeleke kwenye nyumba yenye watoto.

Halafu angalia pale sindano inapopita. Kuna redio ambazo dunia nzima imebanwa kwenye upana wa ukucha, Cairo imekalia Moscow, Moscow imekalia London. Ukizungusha kitufe kidogo tu umeruka nchi tatu. Tafuta yenye kitufe cha pili, kile cha kusogeza polepole. Wengine wanakiona cha bure. Hicho ndicho redio yenyewe.

Na usihesabu bendi zilizoandikwa usoni. Kuandika hakumchoshi mtu.

Msifikiri nilizaliwa nikijua haya. Wakati mmoja nilisikia kwamba waya mrefu unaleta stesheni nyingi, nikaunganisha redio yangu na kamba ya kuanikia nguo, maana yetu ilikuwa ya chuma. Asubuhi ilishika vizuri sana, nikajisifu mtaa mzima. Kufika saa nne ikafa. Niliifungua redio yote, nikaitandaza kitandani skrubu kwa skrubu, nikatafuta ugonjwa mpaka nikataka kulia. Kumbe jirani alikuwa ameanika mablanketi mabichi juu ya kamba ile, na maji yakainyonya sauti. Yalipokauka akayaondoa, redio ikafufuka yenyewe. Nilipomweleza Mzee Wafula alicheka mpaka akavua miwani. "Wambui," akasema, "kabla ya kufungua redio, fungua mlango uchungulie nje."

Sasa niwaambie juu ya Mama Ochieng, maana wengi wenu mnaishi karibu na nyumba yake na hamjui.

Mama Ochieng, ambaye jina lake mwenyewe ni Peres, alikuwa akifagia zahanati moja hapa Eastlands. Mumewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, Ochieng, alipata nafasi ya kusoma nchi za baridi, huko mbali, akaenda akiwa bado anabalehe. Mwanzoni barua zilikuja. Baadaye zikapungua, kisha zikakoma. Mwaka ukapita, na mwingine. Mnajua watu wa mtaa. Walianza kunong'ona kwamba kijana alikufa kwa baridi na mama anaficha. Mwanamke mmoja kanisani alimpa pole hadharani, waziwazi, kama mfiwa. Mama Ochieng aliondoka katikati ya ibada.

Halafu kijana mwingine aliyesoma huko akarudi likizo, akampitia salamu. Akamwambia, "Ochieng yuko, mama. Amepata kazi kidogo ya kusoma salamu redioni, kwenye idhaa yao ya Kiswahili. Mwezi huu wote anasoma Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Tafuta bendi ya mita thelathini na moja."

Jumatatu yake Mama Ochieng alikuwa mlangoni pa duka letu, na gauni lake la kazi.

Siku hizo mwenye duka alikuwa ameleta redio mpya, kubwa, zimepakwa fedha kila mahali, zina taa ya kijani na bendi zilizoandikwa mpaka nafasi ikaisha. Kwa masafa mafupi hazikuwa na kitu. Mzee Wafula alikuwa amezijaribu moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa. Lakini zilikuwa zimejaza stoo, na tulikuwa tumeamriwa tuzitoe hizo kwanza.

Mwenye duka alimpakulia Mama Ochieng maneno. "Hii, mama, itakuletea dunia yote. Hata mwezini."

"Sitaki mwezi," Mama Ochieng akasema. "Nataka mtoto wangu." Akaeleza yote, pale pale mbele ya wateja.

"Basi hii ndiyo yenyewe!"

Mama Ochieng akaanza kufungua kitambaa chake cha pesa. Mimi nilikuwa na tambara la vumbi mkononi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, usinunue hiyo. Haitamleta."

Mwenye duka aliniangalia kama aliyeona kabati likiongea.

"Unasema nini?"

"Nasema haishiki. Mzee Wafula anajua, na wewe unajua."

"Toka."

"Nitatoka. Lakini haishiki."

Nikaweka tambara juu ya ile redio ya fedha, nikaifunika uso, nikatoka. Sikuwa na akiba wala mpango. Lakini sikuomba msamaha siku ile, na mpaka leo sijaona nilichopaswa kuombea msamaha. Nilikuwa sijafika pembeni nikasikia viatu nyuma yangu.

"Wewe msichana! Ngoja!" Ni Mama Ochieng, anahema. "Umenikatalia hiyo. Sasa ni nani ataniuzia?"

Mzee Wafula ndiye aliyetusaidia. Alijua dereva mmoja aliyetaka kuuza redio yake ya zamani, akatupeleka saa ya chakula. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, mbaya kama kiatu cha polisi. Tuliitoa nje, nikafumba macho, ikapumua vizuri. Nikatafuta stesheni ya mbali, tukanunua njugu, tukarudi tukaikuta palepale. Mama Ochieng aliizungusha mikononi, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii ndiyo umefutiwa kazi?"

"Ndiyo hii."

"Basi na iongee," akasema, akaiweka kifuani kama mtoto mchanga.

Mimi nikaanza kazi yangu mwenyewe. Niliweka meza karibu na maduka ya Maringo, kando ya fundi wa viatu, na kibao kilichoandikwa FUNDI WA REDIO. Wanaume walikuwa wanakuja, wanasoma kibao, wananiuliza, "Fundi ameenda wapi?" Nawajibu, "Ameketi mbele yako." Wanacheka, wanaondoka na redio zao mbovu. Mmoja aliniambia nimrudishie yake kabla sijaiharibu, na ilikuwa imeharibika tangu Krismasi. Nikamrudishia. Alirudi baada ya majuma, bila kiburi, nikamtengenezea. Haikuwa kitu, betri zilikuwa zimetoa maji yakala chuma. Ndiyo maana nawaambia, redio ikikaa bila kutumika, toa betri. Na zikichoka ukiwa huna nyingine, zianike juani. Zitakupa taarifa ya habari moja zaidi, labda na matangazo ya vifo.

Halafu askari wa jiji, wale wa kufukuza wachuuzi, wakaja na lori wakaibeba ile meza, kibao na yote. Kesho yake nilirudi. Nikaketi kwenye jiwe, nikatandaza kanga, nikafanya kazi mapajani. Fundi wa viatu akaniuliza, "Wambui, huogopi?" Nikamwambia, "Meza wamechukua, mapaja wameacha." Maneno hayo yalizunguka mtaa wote, na nadhani yaliniletea wateja kuliko kibao.

Sasa turudi nyuma, kwa Jumapili ya kwanza baada ya kununua ile redio ya kijivu. Mama Ochieng aliniita nyumbani kwake. Alikuwa amepika, amevaa vizuri, ameweka redio mezani juu ya kitambaa cheupe. Ilipokaribia saa kumi na mbili nikaivuta antena, nikatafuta mita thelathini na moja, nikasogeza polepole. Badala ya sauti tukapata mngurumo kama wa kinu cha posho. Nilisogeza huku, nikasogeza kule, mngurumo tu. Ndani yake kwa mbali kulikuwa na mtu anayeongea, lakini hungejua kama ni Kiswahili au Kijerumani.

Nikakumbuka mablanketi. Nikaibeba redio nikatoka nayo. Nikienda upande wa barabara, mngurumo unapungua. Nikienda upande wa nyumba ya jirani, unazidi. Nilipofika chini ya dirisha lake redio ilipiga kelele mpaka mbwa akabweka. Dirishani kulikuwa na mwanga wa buluu.

Jirani huyo alikuwa Bwana Sospeter, mwenyekiti wa mtaa, mtu wa pekee katika safu ile mwenye televisheni. Miaka ile mwenyekiti wa mtaa hakuwa mtu wa kuchezewa. Kuta zilikuwa na masikio, na masikio mengi yalikuwa ya Sospeter. Nikabisha.

"Habari ya jioni, mwenyekiti. Televisheni yako inaingilia redio ya Mama Ochieng. Tunaomba uizime kidogo tu, salamu zipite. Mwanawe anasoma."

"Nizime mambo ya serikali ili nyinyi msikilize nchi za watu?"

"Ni salamu tu."

"Salamu za nani? Hapa mtaani hatutaki maneno ya nje. Yakitokea mambo, ni mimi nitaulizwa. Mwambie azime hiyo redio." Akafunga mlango.

Niliporudi, saa ilikuwa imepita. Mama Ochieng alikuwa bado ameketi wima mbele ya meza. Chakula hakikuguswa. Nikampa habari. Akasema, "Wameniambia mtoto amekufa, nikavumilia. Sasa wananiambia yuko hai na nisimsikie. Hapana. Hilo sikubali." Akanigeukia. "Hiyo redio inaweza kuongea wapi?"

"Mbali na nyumba. Uwanjani."

"Basi Jumapili ijayo ni uwanjani."

"Watu wote watatuona."

"Ndiyo nataka."

Juma lile nilijiandaa. Nilitafuta waya mwembamba mrefu. Jumapili mchana nikaenda uwanjani, nikaupitisha juu ya goli la mpira. Goli lilikuwa la chuma, na waya ukigusa chuma sauti yote inaishia ardhini, kwa hiyo nilikata malapa yangu ya zamani nikaweka kipande cha mpira katikati. Mkitaka waya ushike, uinueni juu, uwe mbali na nyaya za stima, na usiguse kitu chochote isipokuwa mpira au kamba kavu. Na mvua ikianza kunguruma, ung'oeni upesi. Radi haichagui stesheni.

Vijana walikuwa wakicheza. Kapteni wao akaniuliza, "Maze, Wambui, goli letu limefanya nini?" Nikamwambia. Wote walimjua Ochieng, alikuwa amecheza hapo hapo. Kapteni akashika mpira kwapani. "Poa. Mechi imeisha."

Mama Ochieng alikuja akiwa na kigoda kichwani na redio kifuani, na nyuma yake wakaja wanawake wa zahanati, wa kanisa, mpaka yule aliyempa pole. Yule fundi wa viatu pia. Sikuwaita. Waliketi kwenye nyasi, na mimi nikapiga magoti mbele ya redio nikaanza kusogeza. Hapakuwa na mngurumo. Sauti zilikuja safi, zikipanda na kushuka kama kitambaa kwenye upepo. Ndivyo masafa mafupi yalivyo. Yakishuka usikimbilie kitufe. Subiri. Yatapanda tena.

Ndipo Bwana Sospeter akafika, amevaa koti.

"Huu ni mkutano! Kibali kiko wapi?"

Watu kadhaa waliangalia chini. Nakumbuka mwanamke mmoja akianza kuokota kanga yake ili aondoke, na sikumlaumu, watu walikuwa wakilala ndani kwa madogo kuliko hayo.

Mama Ochieng hakusimama hata. "Mwenyekiti, huu si mkutano. Ni mama na mtoto wake wanasalimiana. Kibali niliandikiwa siku nilipomzaa."

"Zima hiyo redio."

"Sizimi."

"Wambui, zima."

"Mimi pia sizimi," nikasema. "Na usiguse, kitufe hicho ni chepesi."

Alikuja moja kwa moja. Aliinama juu ya redio, mkono umenyooka, uso wake umeikaribia kabisa. Na hapo ndipo mtangazaji aliposema, kwa Kiswahili cha kusomwa, kile kilichonyooka kama shati la kupigwa pasi, "Na sasa ninamsalimu mama yangu mzazi, Mama Peres, mtaa wa Maringo, Nairobi..."

Uwanja mzima ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, vijana wakarukaruka, fundi wa viatu akatupa kofia. Yule mwanamke wa pole alianguka chini akilia. Kelele zilikuwa nyingi mno, na katikati yake Mama Ochieng alikuwa amesimama, mikono juu, anapiga mayowe ya hasira.

"Nyamazeni! Nyamazeni, nyinyi! Sijasikia alichosema!"

Tuliponyamaza ilikuwa muziki.

Kila mtu alianza kusema alichosikia, na kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema anarudi Desemba. Mwingine alisema ameoa. Hata mimi sikuwa nimesikia, nilikuwa nikipiga vigelegele kama mjinga. Mama Ochieng aliwatazama wote, akatikisa kichwa. Kisha akamtazama Sospeter. Alikuwa bado ameinama vilevile, sikio liko kwenye spika, mkono hewani, haujagusa kitu.

"Sospeter. Wewe ulikuwa karibu. Alisema nini?"

Mwenyekiti alijinyoosha polepole. Alivuta koti lake. Nilidhani ataondoka.

"Alisema..." Akasafisha koo. "Alisema, 'Mama, niko. Nakula, nashiba. Wasikudanganye.'"

"Rudia."

"'Mama, niko. Nakula, nashiba. Wasikudanganye.'"

"Sauti ilikuwaje? Ya mgonjwa?"

"La. Ilikuwa imara." Akafikiri. "Mwishoni alicheka kidogo."

Mama Ochieng akaketi tena kwenye kigoda chake, akafunika uso kwa mikono miwili. Sospeter akaondoka bila kuaga.

Msifikiri alibadilika akawa malaika. Siku ya Jumanne tuliitwa kwa chifu, mimi na Mama Ochieng, na aliyetushtaki ni yeye. Chifu akauliza redio ile ilisema nini juu ya serikali. Mama Ochieng akasema, "Muulize mwenyekiti, ndiye aliyesikia." Chifu akamgeukia. Sospeter aliangalia kofia yake kwa muda. Hatimaye akasema, "Ilisema mtoto anashiba, mzee." Chifu alitutazama sisi watatu, mmoja mmoja, akatuambia twende nyumbani na tusimpotezee asubuhi.

Jumapili iliyofuata nilimpitia Mama Ochieng mapema. Tulipotoka, nikasimama. Kulikuwa kimya. Dirisha la Sospeter lilikuwa giza, hakuna buluu, na pazia lilisogea kidogo kama mtu aliye nyuma yake. Nikawasha redio palepale mlangoni, nikasogeza. Safi, hakuna mngurumo hata kidogo.

"Amezima," nikamwambia. "Leo tunaweza kusikilizia ndani."

Mama Ochieng alilitazama dirisha lile, kisha akatwika kigoda chake kichwani.

"Azime asizime, hilo ni lake," akasema kwa sauti ya kufika dirishani. "Beba waya. Mimi mtoto wangu namsikilizia nje."